Nje ya Orofa ya Kumi na Moja

Nianze na ujinga wenyewe, nisije nikajipamba kwanza mkanipenda bure. Niliingia katika kitanda cha chuma cha kuoshea vioo, juu ya paa la jengo refu kuliko yote katikati ya mji wa Kisumu, nikavaa koti la watu na helmeti ya watu, kisha nikabonyeza kibonyezo cha kushuka. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na akili zangu zote, yaani zile chache ninazotembea nazo.

Nilitaka video ya sekunde ishirini.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kundi la simu la darasa letu. Likizo ilipoanza, kila mtu alijitangaza. Mmoja yuko Nairobi kwa shangazi, mwingine ana baiskeli mpya. Mimi nilikuwa nimefungiwa siku nzima katika chumba cha ndoo na fagio kazini kwa Mama, kwa hiyo niliandika kwamba nimepata kazi ya uinjinia katika jengo refu. Walicheka hadi simu ikapata joto. Mmoja akaandika, “Injinia wa kufagia?” Nikamjibu kwamba nitamtumia ushahidi kutoka juu ya anga, yeye abaki huko chini na kuku.

Jengo lenyewe mtu yeyote wa Kisumu atalijua nikilieleza, kwa hiyo silitaji. Lina orofa kumi na nne. Husemwa kwamba mchoraji wake alitaka lifanane na ngege, yule samaki wa ziwani, aliyesimama kwa mkia, na ukilitazama kutoka upande wa ziwa unaona kweli alijaribu. Vioo vyake ni vya rangi kati ya bluu na kijani, vimepangwa kama magamba. Kati ya safu moja ya vioo na nyingine, kuta nyembamba za saruji zimesimama wima kutoka chini hadi juu kama mapezi, za kuzuia jua la saa tisa lisiwachome watu ndani. Kwenye orofa ya nane jengo linapungua ghafla, kama mtu aliyekaza mshipi, na hapo kiunoni pamebaki kibaraza kipana kilichojaa mashine za kupoza hewa. Juu kabisa kuna mlingoti wa kuzuia radi. Mimi husema ni mfupa uliomkwama samaki kooni.

Vioo hivyo vina tabia moja ambayo lazima uijue. Ukiwa nje mchana, huoni ndani hata kidogo. Unajiona mwenyewe tu. Ukiwa ndani, unamwona kila mtu aliye nje. Kila asubuhi tulipofika nilikuwa nikisimama mbele ya kioo cha pale chini, nachana nywele, nainua nyusi, napima kama ndevu zimefika. Siku ya tatu askari wa mlangoni aliniambia, “Kijana, wale watu wa benki huwa wanaacha kazi kukuangalia. Leo umechelewa, wamekuulizia.”

Mama yangu ni mmoja wa wanawake wanaosafisha jengo hilo. Zamani alikuwa akitoa samaki Asembo Bay alikozaliwa, akiuza mjini, hadi magoti yakakataa kubeba karai. Kazi hii aliipata baada ya kuitafuta muda mrefu na aliishika kwa mikono miwili. Sehemu yake ni orofa za juu, kumi hadi kumi na tatu. Kuna moja, ya kumi na moja, ambayo haikuwa na mpangaji. Ilikuwa tupu, sakafu tu na kioo. Aliisafisha kila siku kama vile kuna mfalme anayehamia kesho. Jioni, nyumbani kwetu Nyamasaria, alikuwa akivua viatu na kusema, “Leo nimeona Asembo.”

“Mama, kutoka hapo huwezi kuona Asembo. Ni mbali.”

“Mtu anajua kwao.”

“Uliona wingu.”

“Niliona kwetu. Wewe kaa na jiografia yako.”

Mimi kufungiwa kwenye chumba cha ndoo ilikuwa adhabu. Wiki ya kwanza ya likizo aliniacha nyumbani, nikampaka mbuzi wa jirani rangi ya viatu ili afanane na yule wa jirani mwingine, na majirani wawili wakazozana siku mbili. Tangu hapo Mama aliamua niwe mahali anaponiona. Lakini ilibidi aombe ruhusa kwa msimamizi wa jengo, mzee mmoja mwembamba ambaye sote tulimwita Mzee wa Funguo, kwa sababu alivaa funguo za milango yote kiunoni na ulimsikia kabla hujamwona, kama ng'ombe mwenye kengele. Mzee wa Funguo alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, halafu akamwambia Mama mbele yangu, polepole, ili yaniingie:

“Mama, mtoto akae chini. Chumba ya ndoo, mlango, choo. Basi. Siku nitamwona juu, hata orofa ya kwanza, mtaenda nyumbani nyinyi wawili, na wewe usirudi.”

“Nimesikia, Mzee.”

“Na yeye amesikia?”

“Nimesikia,” nikasema. Na kweli nilikuwa nimesikia. Masikio yangu hayana shida.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Vijana wawili wa kuosha vioo walikuwa wamekuja tangu Jumatatu, kwa sababu wiki iliyotangulia wadudu wa ziwa walikuwa wamepiga upande mzima wa jengo. Kama wewe si wa huku, nikueleze. Kuna siku unatazama ziwani na kuona moshi umesimama juu ya maji, mweusi, mrefu, kama meli inaungua. Si moshi. Ni vijidudu vidogo kuliko mbu, mamilioni juu ya mamilioni, vimetoka majini kwa pamoja. Haviumi. Lakini upepo ukivileta mjini vinaingia kila mahali, chai, macho, pua, na vikifia kwenye kioo vinageuka uji wa kijivu unaonuka samaki. Ndiyo maana jengo letu lina desturi yake. Moshi ukionekana, Mzee wa Funguo hupanda orofa moja moja akizima taa na kupiga kelele watu wavute mapazia, na wanawake wa usafi hukimbia juu na vitambaa vilivyoloweshwa maji, kuziba nyufa za vioo vya upande wa ziwa. Ni kama vita. Mama ni jemadari.

Saa saba vijana wa vioo walishuka kwenda kula. Niliwaona wakivuka barabara kwenda kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani. Mzee wa Funguo alikuwa kwenye chumba chake na redio. Nikapanda ngazi za nyuma, zile za moto. Orofa kumi na nne kwa miguu. Kufikia ya tisa nilikuwa napumua kama jenereta, lakini kichwani nilikuwa tayari nasikia kundi la darasa likinyamaza kwa heshima.

Mlango wa paa ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali ili mpira wa maji upite. Na kitanda kilikuwa pale, kimening'inia nje ya ukingo kwa nyaya mbili za chuma, kimefungwa kamba ukutani kisiondoke. Ndani yake kulikuwa na ndoo, brashi ndefu, koti la manjano linalong'aa na helmeti nyeupe. Na kwenye kisanduku cha vibonyezo, ufunguo ulikuwa umechomekwa, una kitambaa chekundu.

Nilivaa. Nilifungua kamba. Niliingia. Nikajipiga picha ya kwanza, lakini ukingo wa paa ulikuwa umeziba ziwa. Nikabonyeza kushuka kidogo. Mashine ikanguruma, kitanda kikateremka taratibu, kitamu kabisa. Bado pezi la saruji lilikuwa linaingia kwenye picha. Nikashuka tena. Na tena. Sasa ziwa lote lilikuwa nyuma yangu, na magugu-maji yamelala kwenye ghuba kama zulia, na mabati ya mji wote, na barabara nyembamba kama nyuzi. Nikarekodi. “Wanangu,” nilisema kwenye simu, “mimi injinia wenu naripoti kutoka…”

Mngurumo ukakatika.

Stima ilikuwa imepotea. Hapo chini nilisikia mji mzima ukisema “aaa!” kwa pamoja, kama kawaida. Baada ya muda jenereta ya jengo ikawaka, nikashusha pumzi, nikabonyeza kupanda. Hakuna kitu. Nikabonyeza kwa vidole viwili. Nikabonyeza nikiwa nimefumba macho. Jenereta ile, nilikuja kuambiwa baadaye, hulisha lifti na ofisi tu. Waya wa kitanda ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya paa, na soketi ya paa hailishwi na mtu.

Hapo ndipo nilipotazama chini.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikaa kwenye sakafu ya kitanda, ambayo ni chuma chenye matundu, na kupitia matundu hayo niliona mashine za kibaraza kati ya miguu yangu, na nje ya ukingo wake barabara, na paa la gari jeupe dogo kama kidonge. Nikahesabu vioo kutoka juu. Nilikuwa nje ya orofa ya kumi na moja. Ile tupu.

Jambo la kwanza nililofikiria, na naona aibu kulisema, lilikuwa: vizuri. Tupu ni vizuri. Hakuna mtu wa kuniona. Kwa sababu nikipiga kelele, Mzee wa Funguo atakuja, na Mzee wa Funguo akija, Mama atavua aproni yake ya bluu ya kazi na hatairudia tena. Magoti yake hayawezi kurudi kwenye karai la samaki. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Basi nikaamua kunyamaza na kungoja stima irudi. Stima ya Kisumu. Mimi na akili zangu.

Nikachukua simu. Kumpigia Mama haikuwezekana, kwa maana wanawake wa usafi huacha simu zao kwenye sanduku katika chumba cha Mzee wa Funguo hadi jioni. Ingelia, na angeipokea yeye. Nikaandika kwenye kundi la darasa: “Nimekwama nje ya jengo. Si mchezo. Mwenye kujua mtu wa stima aniambie.”

Wakatuma vichwa vinavyocheka. Ishirini na kitu.

“Injinia amekwama!”

“Ruka, tutakudaka na neti.”

Nikaandika, “Naapa kwa Mungu.” Mmoja akajibu, “Uliapa pia siku ya mbuzi.” Simu ikalia mara moja, ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na ukweli wangu haukuwa na mteja.

Upepo wa ziwa huanza mchana. Ulianza. Kitanda kikasogea kidogo mbali na ukuta, kikarudi, kikagonga pezi la saruji, ngo! Kila kikigonga, nyaya zilitoa sauti nyembamba kama kamba ya zeze la nyatiti inayokazwa. Nikashika reli kwa mikono yote miwili. Chini, waendesha bodaboda wawili walitazama juu wakaniona. Nikapunga mkono mmoja. Mmoja wao akapunga pia, akapaza sauti, “Osha vizuri, boss! Ile ya kushoto umeruka!”

Lile koti la manjano. Nilikuwa nimejivisha mwenyewe sababu ya watu wote kutokuwa na wasiwasi juu yangu.

Halafu akaja ndege. Wale wakubwa wenye upara, wenye mfuko shingoni, wanaoshinda jaa la taka wakichagua kama wako sokoni. Alitua kwenye pezi la saruji, hatua mbili kutoka kwangu, akakunja mabawa yake na kunitazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Alikuwa na subira ya kutisha. Nilimwambia, “Mimi bado.” Hakuondoka.

Ndipo nikageuka kumkwepa, nikatazama ziwani, nikaona moshi.

Ulikuwa umesimama karibu na pwani, mpana, unainama upande wetu. Nilijua mara moja. Hapo chini pia walijua, kwa maana nilisikia madirisha yakifungwa mtaa mzima, pa, pa, pa, na wenye vibanda wakifunika vyakula, na dakika chache barabara ikawa haina mtu. Yule ndege akafungua mabawa akaenda zake. Hata yeye. Na mimi nikawa peke yangu kwenye ukuta wa mji, na wingu linakuja.

Hapo maombi yangu yaligeuka. Mwanzoni nilikuwa nimeomba kusiwe na mtu. Sasa nilipiga kioo kwa ngumi nikaomba awepo mtu, yeyote, hata Mzee wa Funguo. Nilimwahidi Mungu kwamba sitaiga tena kikohozi cha kasisi. Nilimwahidi kumwosha mbuzi. Kisha nikasikia ninavyojaribu kumhonga Mungu kwa mbuzi wa jirani, nikaogopa zaidi.

Wadudu walifika kama blanketi. Kwanza sauti, mvumo mwembamba. Kisha jua likapotea. Walinijaa machoni, masikioni, nikifungua mdomo kupumua nawameza, nikiufunga pua inajaa. Nilivuta koti juu ya uso. Kitanda kilikuwa kinagonga, kinarudi, kinagonga, na sikuweza tena kujua juu ni wapi. Nadhani nililia. Hapana, nililia. Nilimwita Mama kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu darasa la pili.

Kioo mbele yangu kilikuwa kimegeuka ukuta wa kijivu unaotembea. Sijui kwa nini nilikipangusa. Nafikiri nilitaka kuona kitu chochote chenye sura. Nikapitisha kiganja, mduara ukafunguka, na ndani ya mduara nikajiona: helmeti imekaa upande, macho mekundu, nywele zimetoka mbele zimejaa wadudu kama ufuta kwenye kashata. Nikaweka kiganja pale kwenye kioo ili nisianguke, na nikabaki hivyo. Kwa mkono mwingine nikawa natoa wadudu kwenye nywele, mmoja mmoja, huku nalia. Usiniulize kwa nini. Mikono ilitaka kazi.

Sijui ilikuwa muda gani. Wingu lilikuwa limeanza kupungua niliposikia sauti kutoka juu.

“Omera! Wewe wa kitanda!”

Ilikuwa sauti ya mmoja wa vijana wa vioo. Nikatazama juu, nikaona kichwa kwenye ukingo wa paa.

“Niko!”

“Uko hai?”

“Sijui!”

“Anaongea, yuko hai,” akamwambia mtu nyuma yake. Halafu kwangu: “Sikiliza. Stima haitarudi saa hii. Utajishusha na mkono.”

“Na mkono ya nani?”

“Na mkono yako, yawa! Angalia mota ya kulia. Kuna chuma nyekundu kama kijiko. Umeiona?”

Niliiona. Ilikuwa imejaa wadudu.

“Ukiinua, hiyo upande inashuka. Ukiachilia, inasimama. Inua kidogo tu, halafu tembea upande wa kushoto, inua ya kushoto kidogo. Kulia, kushoto. Usiinue moja sana, utamwagika kama maji ya kuosha.”

“Siwezi kutembea!”

“Ulitembea kuingia. Twende!”

Nilienda kwa magoti. Nikainua chuma chekundu, upande wa kulia ukazama, sakafu ikainama, ndoo ikateleza ikanipita, ikagonga reli, ikaruka. Ikadunda kwenye kibaraza, ikapita ukingo, na nikaisikia ikifika barabarani baada ya muda mrefu sana. Nikaachilia. Nikabaki nimelala nimekumbatia mota.

“Ndoo ni ndoo!” akapaza sauti. “Sasa ya kushoto!”

Kulia, kushoto. Orofa ya kumi ilipita, na pazia. Orofa ya tisa ilipita, na mimi mwenyewe kwenye kila kioo, nikizidi kuwa mbaya wa sura. Yule kijana alikuwa akinihesabia kutoka juu kama mwalimu wa mazoezi, na nikichelewa ananitusi kidogo, na matusi yake yalinisaidia kuliko maombi. Kisha miguu ya kitanda ikagusa saruji. Kibaraza cha orofa ya nane. Kile kiuno cha samaki.

Mama alikuwa amesimama kati ya mashine za hewa, kitambaa chenye maji bado mkononi, kinadondoka juu ya viatu vyake. Kando yake Mzee wa Funguo. Nilitoka kwenye kitanda kwa mikono na miguu kama mtoto anayetambaa. Alinivua helmeti, akanipangusa uso kwa kile kitambaa, kwa nguvu, kama anaondoa doa.

Ndipo nikasikia, kutoka kwa Mzee wa Funguo mwenyewe, jinsi ilivyokuwa. Wingu lilipoonekana alikuwa amepanda kuzima taa, na Mama alikuwa amekimbilia orofa ya kumi na moja na vitambaa vyake kuziba nyufa. Wote wawili waliniona hapo nje ya kioo. Mzee alidhani ni mmoja wa vijana wa vioo na akaanza kugomba, mbona hajashuka na wadudu wanakuja.

“Nikasema, huyu ni mjinga ya nani?” Mzee aliniambia. “Na mama yako akasema, ‘Ni wangu.’ Hapo hapo. Hajafikiria hata mara moja. ‘Ni wangu, Mzee, kimbia juu.’ Mimi na umri huu nikakimbia, huku napigia hawa vijana simu!”

Angeweza kunyamaza. Kijana mwenye koti na helmeti, wadudu usoni, nani angejua? Angeweza kusema tu kwamba kuna mtu amekwama. Niliwaza hivyo pale kwenye kibaraza, na hofu iliyokuwa imeanza kunitoka ikarudi kwa mlango mwingine.

“Mama,” Mzee wa Funguo akageuka, “nilisema nini siku ile?”

“Ulisema akionekana juu, twende nyumbani wote wawili, na mimi nisirudi.”

“Sasa?”

“Sasa ameonekana.” Mama alikunja kitambaa mara mbili. “Lakini Mzee, nikuulize kwa heshima. Funguo ya hii mashini, wakienda kula, inafaa kukaa kwa mfuko ya nani?”

Ufunguo ulikuwa bado pale kwenye kisanduku, na kitambaa chake chekundu, unatikisika kidogo kwa upepo. Mzee wa Funguo alishika zile zake za kiunoni zisilie. Alitazama ziwa. Alinitazama mimi kama mtu anayetazama bili.

“Mtoto asionekane tena hapa,” akasema mwishowe. “Hata kwa mlango. Na wewe Mama, kesho utafanyia kazi huko chini, kwa magari. Juu nitaweka mwingine.”

“Asante, Mzee.”

“Usiniambie asante.”

Huko chini kwa magari ni chini ya ardhi. Ukuta, nguzo, moshi wa injini na taa ya mchana kutwa. Hakuna kioo hata kimoja. Mimi nilijua, na Mama alijua, na kwenye lifti alisimama akitazama namba zikishuka, nane, saba, sita, bila kupepesa macho. Nilisubiri makofi. Kuna makofi mengi niliyowahi kula bila kustahili sana, na haya niliyastahili kabisa, lakini hayakuja. Kufika nyumbani alivua viatu na hakusema ameona nini.

Alipika ugali na mboga. Nilitafuta mzaha wa kusema, kwa sababu ndivyo ninavyofanya, na kwa mara ya kwanza sikupata hata mmoja. Nikasema tu, “Mama, pole ya Asembo.”

Alinikatia kipande cha ugali, kikubwa kuliko chake, akakiweka mbele yangu. Akasema:

“Asembo haiendi mahali. Lakini mkono yangu ilikuwa hapo kwa kioo, kwa ndani, juu ya yako, saa yote, na wewe uko bize unatoa wadudu kwa nywele. Kula, inapoa.”